Ndege ya Vital Iliyoanikwa Uani

Wasikilizaji wapendwa, sogeeni karibu na redio. Leo tunamkumbuka Vital, mchoraji wa vibao vya maduka, hapa Bunia, commune ya Shari. Alifariki juzi kwa tension, yaani shinikizo la damu. Ameacha mjane, Joséphine.

Vibao vilimlisha Vital, lakini roho yake ilikuwa kwenye ndege. Na si ndege zote: zile za Waingereza zilizovunja rekodi. Mwezi wa tatu mwaka huu alichora Fairey Delta 2, kwa sababu ilitimiza miaka sabini tangu ipite kilometa elfu moja na mia nane kwa saa. Aliichora juu ya bâche, turubai la mita nane, kwa rangi ya fedha. Kisha akaianika uani, kama tunavyoanika mihogo.

Eh, Vital! Mihogo haimeremeti.

Helikopta ya jeshi ikapita. Ikarudi, chini zaidi. Joséphine alikuwa anasonga bugali. Mwiko ukamtoka mkononi. Robo saa haikuisha, askari wakajaa uani.

"Ndeke hii iko ya nani?" mkubwa wao akauliza.

"Iko ya Waingereza, chef," Vital akajibu.

Jamani! Hilo ni jibu la kumpa askari? Joséphine anasema: "Roho iliniruka. Nikajua banamubeba, na sitamuona tena."

Basi Joséphine akavua viatu, akatembea juu ya ndege, rangi ikiwa mbichi, toka mkia mpaka pua. Akainua unyayo, fedha tupu. "Iko rangi, baba. Iko rangi tu." Mkubwa akacheka. Wakaondoka.

Lakini lile neno "Waingereza" lilibaki mtaani. Watu wakanong'ona kwamba Vital anatengenezea wageni ndege. Majirani wakaacha kumsalimia. Kila pikipiki iliposimama nje, Joséphine alimshika mumewe mkono.

Sasa kwenye matanga kuna watu watano. "Siogopi tena basoda," Joséphine anasema juu ya wale askari. "Naogopa kesho. Nani atamubeba muzee wangu?" Mdogo wa marehemu, Laurent, yupo. Mkwe wake Bruno yupo. Wa kubeba ni hao wawili. Basi. Sanduku linataka watu sita.

Joséphine na jamaa yote, poleni sana. Mungu awatie nguvu. Lakini pole ya redioni haibebi sanduku. Watu wa Shari, tujiulize tuliogopa nini. Simnyoshei mtu kidole. Nami nakaa nyumba ya tatu kutoka kwao, na tangu siku ile nilikuwa nazungukia njia ya nyuma. Mara moja Vital aliniita kwa jina, nikajifanya sikusikia.

Maziko ni kesho, saa tatu asubuhi. Miye ni wa tatu. Wamebaki watatu.