Asetoni Kwenye Godoro la Mama

Ndugu zangu mliokusanyika kwa shukrani hii ya kupona kwangu, kabla hamjaanza kunihurumia kwa sababu ya hii miguu, acha nitaje ujinga wangu mapema. Nilifunga madirisha yote ya nyumba yangu, nikamwaga asetoni kwenye godoro la mama yangu ili niue kunguni, na jiko la makaa likiwa linawaka mlango wa nyuma. Mimi nimemaliza kidato cha nne. Kemia nilifanya. Cheti kiko ndani ya sanduku la bati, na hicho hakikuungua. Sijui kwa nini, maana hakina kazi.

Chekeni tu. Mimi mwenyewe nikicheka ngozi ya goti inavuta.

Mnaonijua hapa Malaba mnajua mimi si mtu wa kutoka. Malori yanapanga foleni hapo nje, watu wanavuka Uganda na kurudi, mimi niko sebuleni natengeneza simu na redio. Kazi inanifuata ndani. Nilikuwa na kochi nililonunua kwa gesti moja iliyokuwa inabadilisha vyombo, na hilo kochi ndilo lilikuwa makao yangu. Nilikula hapo, nilifanya kazi hapo, nikalala hapo. Kitanda nilikipa likizo.

Asetoni nililetewa na mteja wangu, dereva wa lori. Alisema amebeba dawa za maabara na mtungi mmoja "umebaki". Sikumuuliza umebakije. Nilijua inasafisha bodi ya simu na kukauka papo hapo, nikaupokea. Ubavuni mwa mtungi kulikuwa na karatasi yenye picha ya moto, kubwa, ambayo hata asiyejua kusoma angeielewa. Nikaibandua, kwa sababu ilinikera machoni. Halafu kila asubuhi nikawa namimina kidogo kwenye chupa ya soda, naiweka chini ya meza. Chupa ya soda, ndugu zangu, na watoto wa jirani wanaingia kwangu kutazama katuni.

Basi, mto Nzoia ukavunja kingo, maji yakaingia kwa mama kule Budalang'i. Akaja kwangu na godoro lake, sufuria na kuku mmoja aliyelowa. Nilimpokea vizuri. Wiki hazikupita nyingi, nikaanza kuwashwa.

Nani hapa hajawahi kuishi na kunguni? Msiinamishe vichwa, hatuko kortini. Mnajua ile harufu. Ukimponda mmoja, kidole kinanuka hata ukiosha kwa sabuni, na ukimega ugali unaisikia. Asubuhi shuka ina madoa, na hiyo damu ni yako. Nilikuwa najikuna mbele ya wateja kama mbwa. Na nikajiambia kwamba kabla ya mama hawakuwepo. Ukweli ni kwamba hata kabla ya mama nilikuwa najikuna, ila nilikuwa nasingizia mbu.

Siku moja tunakula, mimi na yeye tu, nikamwambia, "Mama, na wewe umetuletea wageni gani hawa?"

Aliosha mikono na ugali bado uko kwenye sahani. Jioni hiyo akatandika mkeka jikoni. Na mimi, ndugu zangu, nikamwacha. Mama aliyenizaa analala kwenye simiti kati ya gunia la makaa na sufuria, mimi nimenyoosha miguu kwenye kochi. Nasema haya na nasikia uchungu mdomoni, kama niliyemeza kitu kilichooza.

Baadaye akaniambia ataondoka Jumapili. Nilijua nyumba yake bado ina matope mpaka kwenye magoti. Nikamwambia asubiri kwanza nitibu godoro, aende nalo likiwa safi. Nilijiona mtoto mwema sana.

Mchana wa siku hiyo kulikuwa na mvua, kwa hivyo alikuwa anachemshia maharagwe mlangoni nyuma, chini ya paa. Mimi nikafunga madirisha ili dawa isitoke. Nikafunga na mlango wa katikati. Nikamwaga asetoni kwenye godoro, kwenye mishono, kwenye pembe za ukuta, na nyingine ikanirukia suruali. Kunguni wakatoka wanayumba kama walevi. Nilifurahi. Kichwa kilikuwa kinazunguka, macho yanatoa machozi, na mimi nimesimama hapo nawacheka wadudu.

Shuleni mwalimu wetu wa kemia alituambia mvuke wa kitu kama hicho ni mzito kuliko hewa. Haupandi juu kama moshi. Unatambaa sakafuni, polepole, na ukikuta moto hata chumba kingine, moto unarudi nao njia ile ile mpaka kwenye chupa. Mimi nilikuwa nimekaa nyuma nachora kiatu cha mwalimu.

Mama akauliza kutoka nje hiyo harufu ni ya nini. Nikamwambia apike tu. Akafungua mlango wa katikati.

Sikuona moto ukija. Niliona sakafu imekuwa ya buluu, mara hiyo suruali yangu inawaka. Godoro lilishika lote kwa pamoja. Nilitaka kukimbia nikakimbilia ukutani. Ni mama aliyenishika kola, akanivuta nje kama gunia, akaniangusha kwenye dimbwi la mvua na kunigeuza huku na huku. Kiganja chake cha kulia kiliungua hapo. Jirani yangu, mama mmoja wa Kiteso ambaye ua wetu ni mmoja, akaleta blanketi lililoloa akanifunika.

Hapo ningepona haraka, kama si ujuaji wangu. Jirani alisema nimwagiwe maji safi ya bomba, mengi, bila kuacha. Mimi nikakataa, nikasema maji yatavimbisha. Nikaitisha dawa ya meno. Mwingine akaleta yai. Mwingine unga wa ngano. Nilifika hospitali miguu imepakwa kama keki ya harusi, na muuguzi akauliza bibi harusi yuko wapi. Halafu akaanza kubandua. Sitawaelezea, kuna watu wamekula. Niseme tu kwamba yai lililokaa kwenye kidonda kwa joto la Malaba lina harufu yake, na hiyo harufu ilikuwa inatoka kwangu.

Niliporudishwa nyumbani sikuweza kutembea. Mama hakwenda Budalang'i. Mimi niliyemlaza jikoni, yeye sasa ndiye ananibeba mpaka chooni, ananiosha kidonda kwa mkono mmoja kwa sababu wa pili una bandeji. Usaha ukitoka hageuzi uso. Mimi nilikuwa nageuza.

Sasa nisikilizeni hapa. Siku ya moto, watu waliuzima na kutoa vyombo nje, na kochi langu likawekwa uani. Nilipoanza kukaa, nikamwona mama anamwaga maji yanayochemka kwenye mishono ya kochi hilo, moja baada ya nyingine. Nikamwambia aniinue nione. Akasita. Nikasisitiza. Ndani ya mishono, chini ya mito, kwenye mbao, kunguni walikuwa wamejaa kama simsim iliyomwagika, wakubwa, wadogo, mayai, na uchafu mweusi wa miaka. Wa gesti. Wangu. Walikuwepo kabla ya mama, na wao ndio waliomfuata mpaka kwenye godoro lake.

Nikamuuliza alijua lini. Akasema alijua siku ile ile ya moto, kochi lilipotolewa nje. Nikamuuliza kwa nini hakusema pale pale mbele ya watu, wajue kunguni ni wangu.

Mama akasema, "Nililifunika na leso. Watu walikuwa wengi."

Nililia, ndugu zangu, si kwa maumivu. Kunguni walinichukiza, kidonda kilinichukiza, lakini hakuna kilichonichukiza kama mtu niliyekuwa siku ile mezani. Nilimwomba msamaha nikiwa nimelala kifudifudi, maana kupiga magoti sikuweza. Nikamwomba asirudi kwenye matope, akae. Alisema ataona. Kitanda changu sasa kina godoro jipya na ni lake. Mimi ndiye ninayelala jikoni, na simiti ni baridi, niwaambie ukweli.

Namshukuru yule muuguzi na kijembe chake. Nawashukuru nyinyi mlioleta maziwa na kunivumilia nikinuka. Na mnaotumia spiriti, asetoni, tina ya rangi, petroli, nawaomba: iacheni kwenye mtungi wake na karatasi yake, mbali na watoto. Tumieni tone, dirisha likiwa wazi, na moto wowote uzimwe nyumba nzima, si chumba hicho tu. Kwa kunguni kuna maji moto na jua. Mkiungua, ni maji safi ya baridi, kisha hospitali. Mayai kuleni.

Maneno haya niliyajaribu jana uani, kwa sauti, nione kama yanakaa vizuri. Jirani alikuwa anachambua mboga, akanisikiliza mpaka mwisho bila kuinua kichwa. Nikamuuliza ameonaje. Akaniambia, "Fundi, umeongea vizuri sana. Sasa kesho ukitoka huko, pika wewe. Huyo mama ana mkono mmoja na bado anakusongea ugali."