Hukumu ya Chamsudine Juu ya Mchezo wa Vinyumba

Assalaam alaykum, ndugu, jamaa na majirani, na ninyi mliotoka mbali upande wa Palma, familia inaomba dakika chache kabla jeneza halijatoka, ili tuwasomee maisha ya mzee wetu, pamoja na neno moja ambalo hakutaka azikwe nalo.

Marehemu Chamsudine Amade Nfaume alizaliwa tarehe 14 Machi 1959 huko Mucojo, mtoto wa kwanza wa mzee Amade Nfaume na bibi Zaida, akafuatiwa na dada yake mmoja tu, Alima. Alisoma chuo cha Kurani, kisha shule ya msingi, akamaliza darasa la nne mwaka 1972, na mwaka 1975 akaletwa hapa Mocímboa da Praia kujifunza useremala, kazi aliyoifanya mpaka mwisho katika karakana yake karibu na bandari, akitengeneza vitanda, milango, na mbao za bao ambazo wengi wenu mnazo majumbani. Tarehe 6 Agosti 1983 alimwoa bibi Cadija, wakajaliwa watoto wawili, Chaquir na Zuleica, na wajukuu watatu.

Kila Jumamosi baada ya adhuhuri marehemu alicheza kibarazani na rafiki zake watatu, Zuberi jirani yake, Selemane mvuvi, na Inácio, karani wa serikali aliyehamishiwa hapa kutoka Nampula, wakicheza bao, dhumna, dama na karata. Alikuwa mtu wa kinyaa, hilo halifichiki. Zuberi akilamba kidole kabla ya kugawa karata, marehemu aliweka zake chini akasema, "Hizo sasa ni zako, Zuberi, kazichemshe unywe mchuzi," na Selemane hakugusa dhumna mpaka anawe kwa sabuni.

Kuanzia mwaka 2010, habari za gesi iliyogunduliwa baharini zilipoleta wageni, wakaja na michezo yao, mingine ya kadi za rangi, mingine ya mbao za kukunja, na wale wanne wakawa wanaicheza na kuitolea hukumu, ambayo marehemu aliiandika kwenye daftari na kuisoma redioni kila Jumapili. Utaratibu wao ulikuwa mmoja, mchezo uchezwe mara tatu, Jumamosi tatu, na aliyefungwa ndiye aseme kwanza, kwa sababu mshindi husifu chochote. Wengi mnakumbuka hukumu yake juu ya mchezo wa ng'ombe, kwamba saa tatu mnajenga ua na mwisho hakuna anayeonja maziwa.

Tarehe 18 Mei 2013 walikuja vijana wawili wa kampuni moja ya washauri, wakiwa na ubao mkubwa uliochorwa bahari upande mmoja na pori upande mwingine, na vinyumba vya mti, na dadu, wakasema ni mchezo wa kuwafundisha wanavijiji mambo ya kuhama kupisha gesi. Marehemu aliucheza mara moja tu, akalishwa kuku, akapewa kofia. Inácio alimwambia, "Chamsu, hatujaucheza mara tatu," naye akacheka, akajibu, "Mchezo wenyewe hauna anayefungwa, tumsubiri nani aseme?" Kesho yake akasema redioni kwamba ni mchezo mwepesi, usio na ugomvi, watu wazima waucheze bila wasiwasi.

Tarehe 11 Juni ubao ule ulifika kijiji alikoolewa dada yake Alima, upande wa Palma. Watu waliusikia redioni, wakaucheza wakicheka, na walipomaliza, pale kila kinyumba kilipokaa pakapigwa picha, na baada ya wiki mbili ikarudi ramani yenye mhuri, ikisema wenyewe wamechagua kuhamia porini, mwendo wa saa tatu kutoka ufukweni wanakookota chaza. Alima alikuja hapa na karatasi hiyo mkononi, akamwambia, "Kaka, nilikiweka kinyumba pale kwa sababu palichorwa bomba la maji. Nilikuwa nacheza. Si wewe uliyesema tucheze bila wasiwasi?"

Marehemu aliingia karakanani. Alichonga ubao wa mfano ule, Alima akimwelekeza, na Jumamosi tatu za Julai wale wanne wakaucheza kama inavyotakiwa. Selemane alirusha dadu mara arobaini akitafuta njia ya kubaki pwani, kinyumba hakikurudi upande wa bahari hata hatua moja. Zuberi aliinuka akaenda kutema mate nje. Marehemu alinawa mikono mpaka viwiko, akanawa tena, akasema kuku yule bado anamnuka kooni, na kofia akaitupa jalalani kwa kijiti, hakutaka kuishika.

Aliandika hukumu mpya, lakini redioni aliambiwa kipindi chake kimepewa wengine. Akaisoma sokoni, akaisoma nje ya msikiti, na alikuwa akijiandaa kwenda kijijini kwa dada yake alipoanza kuugua ini mwezi Machi mwaka huu. Alilazwa hospitali ya hapa, kisha Pemba, hakupata nafuu, na jana Jumanne, tarehe 9 Septemba 2014, saa nne asubuhi, alifariki dunia nyumbani kwake. Aliagiza hukumu isomwe leo, akijua watu wa kijiji kile watakuja kumzika, na kwamba tarehe 22 mwezi huu wanaitwa na kampuni kutia sahihi ya kukubali kuhama. Ameandika hivi:

"Mchezo huu niliusifu nikiwa nimeshiba chakula chao. Sasa nimeucheza mara tatu. Hauna nafasi ya kubaki, kwa hiyo aliyeucheza hakuchagua kitu, na mimi niliyewaambia mcheze nimewakosea. Kila aliyeweka kinyumba aseme mbele ya watu wa kampuni kwamba alikuwa anacheza. Msitie sahihi. Nisameheni."

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa hapa na wa Pemba, mafundi wenzake, majirani waliopika, na Zuberi, Selemane na Inácio waliomwosha uso na kumgeuza kitandani bila kuchoka. Magunia mawili ya mchele yaliyoletwa asubuhi na gari la kampuni ile hayajafunguliwa, bibi Alima ameyarudisha, tafadhali asiulize mtu.

Mzee Chamsudine, watu wa kijiji kile wamekusikia. Nenda ukapumzike.