Mkia wa Pikipiki ya Blagoy

Kwenye kona ya Mtaa wa Kinu, mbele ya duka la viatu lililofungwa tangu mwenyewe ahamie kwa binti yake, kuna benchi la kijani na mashine ya kahawa. Mashine inakula sarafu yako, inakohoa, inafikiri, halafu inakupa kahawa ya kukunja uso. Ubavuni mwake ndipo watu wanapobandika matangazo ya msiba, kwa hiyo ukisubiri kikombe kijae unatazamana na marehemu, upende usipende. Jumamosi hiyo karatasi mpya kuliko zote ilikuwa ya Blagoy: picha ile ile ya leseni, nywele zimelala kwa maji, na maneno "Mwaka mmoja bila wewe". Chini ya picha walikaa wale wale watatu.

Wa kwanza Gencho, fundi mstaafu, jina la kijiweni Kabureta. Wa pili Penko, aliyebeba mafaili mahakamani miaka thelathini bila kufungua hata moja. Huyo ndiye Wakili. Wa tatu Dimo, ambaye Juni ya mwaka jana, wiki ile ile alipozikwa Blagoy, alianguka kutoka kwenye ngazi akichuma matunda ya cheri, akabaki anachechemea mguu wa kulia. Tangu siku hiyo ni Ngazi, na mkewe mwenyewe humwita hivyo.

Ralitsa, dada yake Blagoy, alizima injini mbele yao, na wazee watatu wakabaki vinywa wazi, maganda ya alizeti yamenata midomoni. Pikipiki waliijua. Ilikuwa ya babu yake, kisha ya kaka yake, kisha chuma kilichokunjamana kwenye kona ya machimbo, kilomita saba kutoka mjini. Sasa ilikuwa fupi, nyeusi, imeinama kama paka anayenyatia. Madigadi ya mbele hakuna. Ya nyuma imebaki kipande cha kufunika nusu ya tairi. Kiti kimoja tu cha ngozi juu ya springi mbili, na nyuma ya kiti, hewa. Vijana wa chuo anachosoma, jijini Sofia, huita mtindo huo boba.

— Umeichinja, alisema Kabureta.

— Nimeifufua, Mzee Gencho. Kuchomelea fremu umechomelea wewe.

— Uliniletea fremu. Hukuniambia mkia haurudi.

Kila mzee alikuwa na sheria yake, na Ralitsa aliwaacha waziseme, maana kwenye mdahalo anayeishiwa pumzi wa kwanza ndiye anayeshindwa. Wakili alieleza kwamba kadi ya pikipiki imeandikwa watu wawili; ukiondoa kiti cha pili umeiondoa kwenye kadi, na chombo kisicho kwenye kadi mbele ya sheria ni jiko. Trafiki wakimsimamisha watamuuliza leseni ya kupika. Tena bila madigadi matope yote yatamrukia mgongoni, na wahenga hawakukosea waliposema kikulacho ki nguoni mwako.

Kabureta hakuwa na habari na kadi. Alisema injini inaujua mzigo wake kama punda. Hii imebeba wawili tangu mwaka sabini na nne. Ukiipa mmoja itashtuka, itanyanyua gurudumu la mbele, itamlaza binti wa watu chali. Samaki mkunje angali mbichi, alisema, na hiyo imeshakauka.

— Nimetoka nayo nyumbani mpaka hapa, Mzee. Haijashtuka. Mlioshtuka ni nyinyi.

Hapo Wakili akashusha sauti. Alimwuliza kama anafahamu marehemu hukaa wapi mwaka wake wa kwanza. Hukaa pale alipozoea kukaa, ndiyo maana kesho padri anakwenda kwenye kona ya machimbo kumwaga divai, ili amwachie njia. Sasa mwenye chombo amekatiwa chombo. Atarudije? Atatembea kwa miguu. Kilomita saba kila siku, mwenda tezi na omo, bila pa kukaa.

— Ndiyo maana mbwa wangu habwekei gari siku hizi, alisema Kabureta, ambaye dakika moja kabla alikuwa mtu wa injini. — Anabwekea barabara tupu.

Ralitsa alicheka, kisha akakasirika kwamba amecheka. Hawa hawa ndio waliokaa chini ya picha ya kaka yake mwaka mzima wakisema kijana alikimbiza kwa ujinga, alikuwa amelewa, alijitafutia. Walipolisema neno "peke yake" walilisema kama hukumu. Nyumbani neno hilo hilo lilikuwa dawa. Blagoy alilala mtaroni saa mbili nzima, yuko hai, mpaka mchunga kondoo mmoja alipomwona na kupiga simu. Daktari alisema nusu saa ya kwanza ingetosha. Mama yake aliyamaliza majira yote ya baridi kwa sentensi moja: angalau hapakuwa na mtu, angalau hakuna wa kulaumiwa. Alilala na sentensi hiyo, akaamka nayo.

— Mnieleze jambo moja, alisema Ralitsa. — Kesho nitaiendesha mbele ya padri, mama yangu akiona. Anataka kuisikia ikiunguruma. Ni nani kati yenu atakayemwambia hapana?

Wakili aligundua ganda la alizeti kwenye kola yake. Kabureta alijitosa kwenye mfuko wake wa cheri. Msimu huu alizila kama mwenye kisasi, kwa sababu mwaka jana baridi ya Aprili iliua maua ya micheri mji mzima na hakuna mti uliozaa hata tunda la kuonja.

Aliyemtetea alikuwa Ngazi, na hilo lenyewe lilimshangaza Ralitsa. Alikuwa amekaa mwisho wa benchi, mguu wake umenyooshwa.

— Mwacheni binti. Kukata alikata vizuri. Kitu kilichoua mtu unakipunguza.

— Ahsante, mjomba Dimo.

— Ila huo mkia nimekwambia nitaupeleka skrepa. Tangu Pasaka nakwambia.

— Sasa hivi nina kazi nao.

Ralitsa akafungua kamba ya gunia la mbolea alilolifunga kwenye tangi, akakitoa kitu kile na kukilaza kwenye lami mbele ya miguu yao: nyuma yote ya pikipiki, pindo la fremu, kiti cha abiria kimechanika, vikanyagio viwili vya kando vya miguu ya abiria. Kilikuwa nyuma ya banda la kuku tangu siku ya kwanza alipowasha grenda ya kukatia chuma, akakata akiwa amefumba jicho moja kwa machozi, asitake kukitazama tena. Kesho wangekisimika pale pale kwenye kona ya machimbo, chini ya msalaba wa Blagoy, anayepita aweze kukaa. Mama ndiye aliyetaka.

Wakili alivua kofia. Ngazi aliurudisha mguu wake chini ya benchi.

— Hicho si cha kuweka kwa padri, alisema. — Ni kinyaa. Nipe mimi, binti. Leo leo.

Muda wote huo mtu mmoja alikuwa amechutama nyuma ya mashine, mlango wake u wazi, akijaza kahawa na sukari. Hakuwa yule wa kila wiki. Yule yuko likizo. Huyu alitoka mji mwingine, mzee wa ndevu za kijivu na kizibao cha ngozi kilichosuguliwa na barabara nyingi. Alitoka akijifuta mikono, akaitazama boba kwanza, akaizunguka, akasema kazi safi, nani kaitengeneza? Ralitsa alisema yeye. Mtu yule alitikisa kichwa kwa heshima, halafu akainama kwenye mkia. Alikishika kikanyagio cha kulia, kilichopindwa kwa nyuma, akajaribu kukikunja, kikagoma. Akajaribu cha kushoto. Kimeota kutu kikiwa wazi.

— Poleni, alisema kwa upole. — Na abiria, alipona?

Kabureta aliacha kutafuna.

— Abiria gani? Kijana alikuwa peke yake. Polisi waliandika.

— Ah. Basi samahani. Mimi ukiniona napanda peke yangu nimevikunja hivi, visinigonge miguu. Kila mtu anafanya hivyo. Hivi vilikuwa wazi siku ya ajali, na hiki cha kulia kilipinda pamoja na mguu wa mtu. Nilidhani mnajua.

Akilini Ralitsa alimwona Blagoy uani, kila siku ya maisha yake, kabla hajawasha, akivikunja kwa ncha ya kiatu: tak, tak. Alikuwa amekishika chuma hiki kwa mikono yake miwili. Alikuwa amekikata. Alikuwa bingwa wa chuo kizima wa kuona shimo katika maneno ya wenzake, na mwaka mzima kuku walilala karibu na jibu.

Hapakuwa na mtu. Sentensi ya mama yake ilianguka hapo kwenye lami, karibu na kiti kilichochanika.

— Upande wa kulia, alirudia Wakili, na safari hii hakuwa na methali.

Hakuna aliyegeuza kichwa. Macho tu ndiyo yaliyoshuka, ya Kabureta kwanza, kisha ya Wakili, mpaka chini ya benchi, kwenye kiatu cha kulia cha Dimo kilichojificha nyuma ya cha kushoto. Kabureta alikuwa bado ameshika mfuko wa cheri. Aliutazama kama ndiyo kwanza amepewa.

Ralitsa alikuwa amejiandaa kwa hoja zote za benchi lile. Sauti iliyomtoka ilikuwa ndogo, ya mtoto anayeuliza njia.

— Mjomba Dimo. Mwaka jana maua yote yalikufa. Ulipanda ngazi kuchuma nini?

Mtu wa mashine, asiyejua amefungua nini, alibonyeza kitufe cha kujaribu. Mashine ikakohoa, ikafikiri, ikatoa kikombe kimoja bila sarafu. Kilijaa mbele ya picha ya Blagoy, kikafuka mvuke, kikaacha kufuka, na hakuna aliyenyoosha mkono.