Asizikwe na Neno la Protini

Marehemu Profesa Salome Gacheri alizaliwa tarehe 9 Machi 1951, karibu na soko la Gakoromone, Meru. Baba yake, mzee Muthamia, alikuwa anauza viazi hapo.

Alisoma Meru, halafu akawa mwalimu wa hesabu Runyenjes. Huko alikutana na Njiru, mkulima wa kahawa wa Kanja, ambaye hakuenda shule na ndiye amesema haya yaandikwe. Walifunga ndoa kanisani tarehe 20 Desemba 1975. Gacheri akaitwa chuo kikuu Nairobi, baadaye ng'ambo. Watu walimuuliza mume, "Njiru, unamsomeshea nani? Huyo harudi." Alirudi.

Kazi yake ilikuwa protoni. Ni kitu kidogo kilicho ndani ya kila kitu, hata jiwe. Hakionekani. Wenzake ng'ambo walikuwa wanakigonga na kitu kidogo zaidi, wanapima vile hicho kinaruka, wanamtumia vipimo. Yeye anavisoma, anasema ndani kuna nini. Asubuhi moja ya ukungu, mume alikuwa anarushia tumbili mawe kwa mahindi, bila kuwaona. Jiwe moja likalia kwa mti. Lingine likaingia majani, kimya. Gacheri akasema, "Baba Rwamba, hiyo ndiyo kazi yangu."

"Na tumbili wako wanatoroka?"

"Wangu wako ndani, hawatoki kamwe."

Lakini Kanja walisikia protini. Kiende, wa kikundi cha akina mama, alimwita awafundishe maharagwe. "Profesa, kati ya ndengu na njahi, gani iko na nyingi?" Akawajibu vile alijua. Alirudi nyumbani na mkungu wa ndizi waliompa, akacheka mpaka akakaa chini.

Mwaka jana tumbo lilianza kumuuma. Hospitali wakampiga picha. Daktari alikuwa bado anatafuta maneno. Gacheri akaitazama mwenyewe, akairudisha kwa bahasha. Mume akauliza, "Ndani kuna nini?" Kimya. Kama lile jiwe la majani.

Mwisho hakucheka tena. Alisema, "Baba Rwamba, nisizikwe na protini. Nani atajua nilifanya nini?" Alifariki nyumbani tarehe 2 Juni 2019.

Ameacha mume, binti yake Rwamba, mwanawe Muthamia, na wajukuu. Karatasi hii ilitoka kuchapishwa mara ya kwanza ikiwa imeandikwa protini. Rwamba ndiye aliona. Ikarudishwa.

Sasa kabla ya udongo, mimi Njiru naombeni tuseme pamoja, Kiende aanze: protoni.

Mama Rwamba, umesikia. Pumzika.