Bi Leseni na Mistari Arobaini

Mlio mmoja wa simu, saa tisa na dakika kumi usiku wa kuamkia Jumatano, tarehe 4 Machi 2026, ulitosha, kwa maana hakuna aliyeuliza anayepiga ni nani, na asubuhi yake mimi, kitinda mimba wa nyumba hii, nikapewa kazi ya kuandika na kuwasomea historia ya dada yetu.

Marehemu alizaliwa tarehe 12 Juni 1981, kifungua mimba wa fundi cherehani na mwalimu, katika vyumba viwili nyuma ya duka la ushonaji la baba, akasoma shule ya msingi kuanzia 1988 hadi 1994, sekondari hadi 2000, kisha chuo, alikohitimu shahada ya kompyuta mwaka 2005.

Januari 2006 aliajiriwa na kampuni ya programu za hospitali, na tarehe 8 Agosti 2009 akafunga ndoa na shemeji yetu, fundi umeme, wakajaliwa binti mwaka 2011 na mwana mwaka 2014.

Kazini walimwita Bi Leseni. Mwaka 2018, ambao nami niliajiriwa pale, alipewa kuongoza utengenezaji wa maktaba, yaani mkusanyiko wa vipande vya programu ambavyo waandishi wengine wa programu huviita kwa majina ili wasianze kila kitu upya, na wateja walitaka majina hayo yafanane na ya maktaba kongwe waliyoizoea, ambayo leseni yake inasema anayechukua mistari yake ya programu naye aiache kazi yake wazi kwa wote, jambo ambalo kampuni haikulitaka. Basi akaweka sharti kwamba chumba namba sita, tulimofanyia kazi hiyo, ataingia tu asiyewahi kusoma mistari ya maktaba ile, tufuate kitabu chake cha maelezo peke yake, akabandika mlangoni karatasi, "Aliyechungulia asiingie," na tulipomcheka alitujibu kwamba ukila kwa jirani, sahani utaosha.

Mmoja wetu alikuwa amechungulia tangu chuoni, akanyamaza, akaingia, na mistari arobaini ya kuhesabu tarehe ikamtoka kichwani kama ilivyo, pamoja na kosa lake la kuiruka tarehe 29 Februari, hivyo siku hiyo ilipofika mwaka 2020 miadi ya wagonjwa ikapotea, na wenye maktaba kongwe wakalitambua kosa hilo kuwa limetoka kwenye mistari yao. Kazi zote zilikuwa zimeingizwa kwa jina la marehemu kama kiongozi, na alipoulizwa ni nani hasa aliyeandika, alisema mlango ni wake, akafukuzwa tarehe 17 Aprili, akarudi nyumbani na kikombe na kandambili ndani ya boksi, akakaa kumenya viazi. Hakuandikwa tena kazi ya programu, waliomjua wakamwita mwizi wa mistari, naye akafundisha kompyuta madarasa ya jioni hadi figo zilipomlemea, Novemba 2024.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, majirani mliotuletea viti na maji, shemeji ambaye hakuondoka kando ya kitanda cha marehemu, na ninyi wafanyakazi wenzake wa zamani, mliokaa safu ya nyuma, ambao kwa miaka sita mmeuliza jina ambalo yeye hakulitaja.

Lala salama, dada, nimechoka kufichwa nawe. Jina hilo ni langu, mimi ninayesoma.