Vyuma Vinne vya Papa Havugimana

Tarehe 28 Juni 2024, Papa Védaste Havugimana, mkuu wa gereji yetu hapa Himbi, Goma, anastaafu baada ya miaka thelathini ya kazi. Aliajiriwa mwaka 1994 kutengeneza malori yaliyopelekea wakimbizi maji, na mengine yaliyobeba maiti. Hayo ya pili hajawahi kuyasimulia, nasi hatukumwuliza.

Zamani tulimwita Papa Sheria. Spana ikikosekana, hakuna aliyetoka getini hadi ionekane. Dereva Munyakazi alichelewa harusi ya dada yake kwa ajili ya bisibisi iliyokuwa mfukoni mwa Papa mwenyewe! Tulicheka mwezi mzima. Lakini bila ukali huo, nusu ya magari yetu yasingevuka vita vyote hivi.

Novemba 2012 mabomu yalikuwa yanakaribia mji. Fundi mwenzetu Modeste alikuwa na teksi mbovu nyumbani kwake Ndosho, naye alitaka kuitengeneza upesi aihamishe familia. Aliomba kuazima vyuma vinne vya kutegemezea gari. Papa alikataa: vyombo vya kazi havitoki. Basi Modeste akafanya tunavyofanya wote Goma. Aliinua gari kwa jeki, akalipanga juu ya mawe ya volkano, akaingia chini. Mawe hayo tunajengea kuta zetu, tukasahau kwamba ndani yana matundu na hupasuka ghafla. Yalipasuka.

Matangani Papa alikiri mbele ya watu wote kwamba alimnyima Modeste vyuma. Mama Eugénie, mjane wa Modeste, alimjibu hivi: "Vyuma yenu iko salama, Papa. Bwana yangu ndiye hayuko." Akaingia ndani, akafunga mlango. Jina la Papa Sheria lilikufa siku ile.

Tangu hapo vyuma vilitoka kila Jumamosi, na Papa mwenyewe ndiye aliyevisukuma kwenye chukudu, ile baiskeli yetu ya mbao, hadi uani kwa anayevihitaji. Jumapili baada ya misa alitokea kwako bila kualikwa, akachungulia chini ya gari kabla ya kukusalimia. Akiona jiwe, chakula chako hali. "Vita iko natumaliza," alikuwa akisema, "musiisaidie." Alituudhi sana, na tuko hai.

Kamati ilimpangia zawadi ya suti. Aliikataa, akaomba vyuma vinne vipya vya kuwekwa kwa Mama Eugénie, ili mtu yeyote wa Ndosho aazime bila kuulizwa. Tuliogopa mama atamfukuza. Jumamosi iliyopita Papa alibisha hodi, akasubiri nje na mzigo wake. Mama alifungua. Neno la msamaha hakulitamka. Alimwonyesha tu pa kuviweka, pale pale uani gari lilipoangukia.

Papa Védaste, tunakushukuru kwa ukali na kwa Jumapili zako. Mungu akupe uzee wa amani, ambayo sisi bado tunaingoja. Na milango yetu iko wazi: uje, uchungulie kwanza chini ya gari, salamu zitasubiri.