Bado Yumo Orodhani

Asubuhi ile ya Agosti 2004, kwenye benchi la nje ya stendi ya Tukuyu, walikuwepo Abeli, dereva wa lori la majani ya chai, aitwaye Gia. Mwalimu Ambwene, aitwaye Printa. Prisca mwenye birika la kahawa. Abiria mmoja wa Kyela aliyekuwa akisubiri basi. Na Mzee Anyelwisye, karani mstaafu, aliyekataa kila jina la utani alilopewa. Ukungu ulikuwa umeimeza barabara. Jina moja halikutajwa pale, la Lusungu. Mzee alilipiga marufuku miaka mitatu nyuma, mwanawe huyo alipoondoka bila kuaga, na aliyelitaja hakuitikiwa tena salamu yake.

Printa alikunjua karatasi alizochapisha Mbeya, za kundi la mtandaoni la watunzi wa programu.

— Wiki ya tatu wanagombana. Programu huzaa nyingine. Mtoto akimaliza kazi, anakufa. Lakini mzazi asipouliza habari zake, mtoto anabaki kwenye orodha. Huyo aitweje kwa Kiswahili?

— Marehemu, alisema Gia.

— Marehemu kazikwa. Huyu bado.

— Basi mzimu.

— Mzimu unasumbua watu, bwana. Huyu hali, hatembei. Yumo tu.

— Si wamuue?

— Amri ya kuua haimpati. Ameshakufa.

Gia aliacha kucheka.

— Noma hiyo. Maana pale kona ya Kiwira kuna mtu namkuta kila alfajiri. Taa zinampiga, hafumbi macho. Juzi nikasimamisha gari, nikamkuta keshakaa juu ya majani, nyuma. Sura yake naijua, ila…

— Gia! Prisca alimkata. Kunywa kahawa yako.

Mzee hakupenda majina ya kubahatisha.

— Mnabandika jina na kitu chenyewe hamjakijua. Nani humwondoa huyo?

— Mzazi peke yake, Mzee, alisema Printa. Akishauliza.

— Sasa huyo mzazi anaogopa nini? aliuliza yule abiria.

Gia alitazama viatu vyake. Printa alikunja karatasi, akazikunjua, akazikunja tena. Mzee aliwatazama mmoja mmoja, na hakuna aliyemtazama. Ndipo akagundua kwamba tangu mvua za masika hakuna aliyemtania, na kwamba kila alipofika walimpisha upande mkavu wa benchi.

— Lusungu yuko wapi?

Prisca aliweka birika chini.

— Lusungu alikufa Mei, Baba. Shimo la dhahabu lilimfukia, Chunya.